Nimebadili spika na amplifaya, mbona besi imepotea? Mnaopandisha mziki wa nyumbani kidogokidogo, njooni hapa

#1 SebuleFuti12

Wakuu habari.

Huu mwaka wa tatu napandisha mziki wangu wa sebuleni hatua kwa hatua, kila nikipata chochote. Nilianza na sabufa ya kawaida, ile ya boksi moja chini na vispika viwili. Mwaka jana nikachukua spika mbili za mbao za mtumba kwa laki moja na nusu, wufa (spika ya besi) ya inchi sita na nusu na twita (ya sauti za juu) juu yake. Sponji za kuzunguka koni zilikuwa zimeoza, ukigusa zinabaki kidoleni kama masizi, fundi akaweka mpya. Nikawa nazipigia kiamplifaya kidogo cha volti 12. Mwezi huu nimepata amplifaya ya Kijapani ya zamani, kuibeba mpaka ghorofani nilipumzika mara mbili. Laki mbili na nusu.

Sasa trebo ni safi, nasikia hadi kucha ya mpiga gita inapogusa waya. Lakini besi hakuna. Sabufa yangu ya elfu tisini ilikuwa inachezesha glasi kabatini, huu mzigo wa laki nne unapiga kama redio ya jirani.

Chumba ni futi 12 kwa 12, marumaru chini, jipsamu juu. Kochi nimeliweka katikati ya chumba na spika nimezivuta sentimeta 90 kutoka ukutani, maana nilisoma kwamba zisibanwe. Nyimbo natumia flashi, mara nyingine simu kwa Bluetooth. Mwisho wa mwezi nitakuwa na laki nne nyingine. Niziweke wapi: sabufa ya pembeni, DAC (kile kifaa cha kugeuza faili la dijitali kuwa sauti), waya, au amplifaya kubwa zaidi?

#2 MaskioMawili

Nimeweka kambi hapa. Yamenikuta hayohayo tangu Januari.

#3 WatiElfuKumi

Mkuu amplifaya yako haina nguvu. Mziki ni wati. Ukizidisha wati mara mbili sauti nayo inakuwa mara mbili, hakuna siri nyingine. Mimi nina mashine imeandikwa wati 10,000 kwenye boksi, nikiwasha mtaa mzima unajua nimerudi.

#4 FundiBoksi

#3, igeuze hiyo mashine usome kibandiko cha nyuma, achana na maandishi ya kwenye katoni. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ya ampea 13, na umeme ni volti 230. Zidisha unapata wati 2,990. Wati elfu kumi utazitoa ukuta gani? Hizo zinaitwa PMPO, ni namba za kuuzia. Nimefungua sabufa nyingi za bei ya chini, ndani unakuta chipu za amplifaya, TDA2030 mbili tatu, kila moja inatoa wati 14 hivi halafu inaanza kukwaruza.

Na la kuzidisha wati mara mbili siyo kweli. Ukizidisha mara mbili unaongeza desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio linaona kama umesogeza sauti kidogo tu. Ili usikie kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji desibeli kama 10, yaani wati mara kumi.

Mwanzisha uzi, usinunue kitu chochote bado. Kwanza tujue besi imepotelea wapi.

#5 WatiElfuKumi

Nimegeuza. Imeandikwa 65W. Haya, nimekubali. Lakini mlango wangu unatikisika, hilo hamninyimi.

#6 KandaYaKromu

Vijana mnaanzia mwisho. Mziki unapandishwa kuanzia unapotokea. Waskoti wa Linn, watengenezaji wa mashine za santuri, waliyasema haya miaka ya 70, wakati wengine wote wanahangaika na spika: kilichopotea kwenye santuri au kwenye deki, hakuna spika duniani itakayokirudisha. Wewe una flashi iliyojazwa nyimbo dukani, MP3 zimebanwa mpaka zimekauka. Laki nne hizo tafuta sidii pleya nzuri ya zamani na diski halisi. Sidii zimekuwepo tangu 1979 na mpaka leo hazijapitwa.

#7 MuscatMashariki

Shikamoo Kanda. Marekebisho kidogo: sidii ilianza kuuzwa Oktoba 1982, Japani. 1979 ni mwaka wa Walkman.

Na MP3 siyo mwizi wa besi. Faili la kilobiti 128 mara nyingi linakatwa juu, kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 16,000 hivi, na matoazi yanakuwa kama mchanga unamwagwa kwenye bati. Chini huko besi inabaki. Sasa yeye analalamika kinyume chake: juu pazuri, chini hamna.

Mimi naomba ajibu jambo moja. Amplifaya ya Kijapani, nyuma imeandikwa volti ngapi? Japani umeme wao ni volti 100. Mimi huku Muscat nilipewa moja na jamaa aliyekuwa anahama nyumba, nikaichomeka moja kwa moja kwenye 240. Ilitoa sauti kama ya mtu anayekohoa, ukatoka moshi, na harufu ilikaa chumbani siku tatu. Mpaka leo nikinusa plastiki iliyoungua namkumbuka yule jamaa.

#8 KandaYaKromu

Marahaba Muscat. Ni kweli, 1982. Nilichanganya na Walkman. La chanzo sirudi nyuma.

#9 SebuleFuti12

Muscat, imeandikwa AC 100V, nilipewa na trafo yake ya kupunguza. Umenishtua nikachukua mita nikapima. Jana saa mbili usiku ukutani nilipata 198, na kwenye trafo zinatoka 86. Hii si ndiyo sababu?

#10 MaskioMawili

Jibu hilo hapo. Amplifaya ina njaa!

#11 FundiBoksi

Ina njaa ya volti, sawa, ila pigeni hesabu. 86 kwa 100 ni asilimia 86. Wati zinafuata mraba wa volti, kwa hiyo zinabaki asilimia 74. Kwa desibeli umepoteza 1.3. Na hiyo unaipoteza juu kabisa, pale mashine inapoishiwa pumzi. Ukisikiliza kwa sauti ya wastani hutaona tofauti. Haiwezi kumeza besi yote.

Swali langu: huwa unasikiliza saa ngapi, na sauti unaipandisha kiasi gani?

#12 SebuleFuti12

Usiku, mtoto akishalala. Sauti ndogo.

#13 FundiBoksi

Basi hapo kuna sababu ya kwanza. Watafiti Fletcher na Munson walilipima hili tangu 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio letu linapoteza besi haraka kuliko linavyopoteza sauti za kati. Ndiyo maana amplifaya za Kijapani za zamani zina kitufe kimeandikwa LOUDNESS. Kibonyeze usiku, kitoe mchana. Sabufa yako ya zamani ilikuwa imeongezewa besi kiwandani muda wote, ndiyo maana hukuona upungufu.

#14 ShabaTupu

Hakuna aliyegusa waya. Ukitumia ule mwembamba unaokuja na sabufa unakosea. Kuna waya wa spika unauzwa laki tatu, nilisikia kwa rafiki yangu, besi ikatoka kama imefunguliwa koki.

#15 MamaKinubi

ShabaTupu kaka yangu, laki tatu kati ya laki nne alizonazo?

Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ule wa fundi umeme, mita tano kwenda na tano kurudi, ukinzani wake ni kama omu 0.12. Spika ni omu 8. Kinachopotea ni kama sehemu ya kumi ya desibeli. Hata ule mwembamba wa 0.5 unapoteza kama desibeli 0.4. Cha kuangalia dukani ni kama ni shaba kweli. Kwangua kwa kisu: ukiona ndani ni mweupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, urudishe.

Nimelelewa kwenye duka la redio la marehemu baba, Tanga, nikishika lehemu kabla sijajua kusuka nywele. Kwenye habari ya mwanzisha uzi kuna sentensi moja imenikaa: fundi aliweka sponji mpya. Maana yake wufa zilitolewa zikarudishwa. Sasa fanya hivi. Tafuta wimbo wa mono (spika zote mbili zinatoa sauti ileile), kaa sawasawa kati ya spika mbili, funga macho. Mwimbaji amesimama wapi?

#16 SebuleFuti12

Nimetumia wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, wa zamani. Dada, hayupo popote. Sauti imezunguka kichwa, nikisogea kidogo inahama. Nilidhani ndiyo upana wa mziki mzuri wanaousifia watu.

#17 MamaKinubi

Siyo upana huo. Kwenye mono mwimbaji anatakiwa asimame katikati kama mtu aliyekuja mgeni sebuleni. Nahisi wufa moja imefungwa kinyume: moja ikisukuma hewa nje, nyingine inaivuta ndani, besi zinakutana chumbani zinauana.

Chomoa nyaya kwenye amplifaya. Chukua betri ya kawaida ya 1.5V. Chanya gusisha kwenye tundu jekundu nyuma ya spika, hasi kwenye jeusi, gusa tu na uachie, usishikilie. Utasikia "tap". Koni inatakiwa itoke nje. Fanya kwa zote mbili. Twita usiiogopee, kwenye krosova (sakiti inayogawa sauti kati ya wufa na twita) ina kapasita inayozuia umeme wa betri.

#18 LuthuliKilaJumamosi

Mniruhusu mtu wa Nairobi nipingane na kila mmoja hapa. Shida ni chumba.

Sauti hewani inaenda kama mita 343 kwa sekunde. Futi 12 ni mita 3.66. Gawanya 343 kwa 3.66 mara mbili, unapata hezi 47. Hilo ndilo wimbi la kwanza linalosimama kati ya ukuta na ukuta. Kwa kuwa chumba ni mraba, urefu na upana vyote vinaangukia namba hiyohiyo, na shida inajazana mahali pamoja. Wimbi hilo lina nguvu ukutani, katikati ya chumba lina shimo. Ndugu yetu kaweka kochi ndani ya shimo.

Wimbi la pili ni hezi 94. Hili katikati ya chumba linavuma. Nabahatisha kwamba sabufa ya zamani ilikaa kona. Kona inaamsha mawimbi yote, na sabufa za aina ile nyingi zimetengenezwa zivume hapohapo kati ya 80 na 100. Ndizo zilizochezesha glasi. Haikuwa besi ya chini, ilikuwa mngurumo mmoja unaojirudia kila wimbo.

Sasa spika kazivuta sentimeta 90. Robo ya 3.66 ni 91. Spika ikikaa robo ya chumba haiwezi kuamsha lile wimbi la 94. Tena sauti inayogonga ukuta wa nyuma na kurudi inakuta inayotoka mbele ikiwa kinyume chake, zinafutana karibu na 95. Yaani 47 ameikosa kwa kochi, 94 ameikosa kwa spika. Floyd Toole, aliyetafiti spika miaka mingi Kanada na baadaye kampuni ya Harman, anaeleza hilohilo: chini ya hezi mia chache, anayeongoza ni chumba, hata ukinunua nini.

Gharama ya kujaribu ni sifuri. Rudisha kochi karibu na ukuta, spika sogeza mpaka sentimeta 30 au 40. Sikiliza.

#19 MaskioMawili

Luthuli umeandika kama mwalimu wa fizikia niliyekuwa namkimbia. Leo nimeelewa.

#20 KandaYaKromu

Mmemtaja Mbaraka. Bendi zetu za wakati ule nyingi zilirekodiwa studio za Redio Tanzania, zinapiga wote pamoja kwa mkupuo mmoja, na rekodi nyingi ni mono. Mimi kwa mziki ule spika moja nzuri inanitosha. Gita la besi kwenye rekodi zile halitikisi kitu, linatembea. Unalifuata kama mtu anayekwenda mbele yako njiani. Ukiona linatikisa glasi, mashine yako imeongeza chumvi.

Ndiyo maana nauliza, hiyo besi unayoitafuta imo kwenye wimbo? Rekodi za Siti binti Saad za Bombay, 1928, huwezi kutoa humo besi ambayo haikuingia.

#21 MuscatMashariki

Kanda umenigusa. Bibi yangu wa Unguja aliziimba zile huku anachambua mchele. Nimezisikia kwanza kwa sauti yake, santuri nikaja kuziona ukubwani.

Ila turudi. Hiyo amplifaya ina miaka karibu arobaini. Kapasita za zamani hukauka. Zikikauka zile zilizo kwenye njia ya sauti, kinachoanza kupungua ni besi. Nimebadilisha zangu mwaka jana, kazi ya siku moja kwa fundi, na tofauti niliisikia kabla sijakaa.

#22 FundiBoksi

Uliisikia kwa sababu ulikuwa umelipa. Usikasirike, hata mimi yamenikuta. Ili kulinganisha vitu viwili inabidi sauti ilingane kabisa. Kimoja kikizidi hata nusu desibeli, sikio litakipenda hicho.

#23 MuscatMashariki

Sikasiriki. Ila mke wangu alikuwa jikoni, hakujua kama nimebadilisha chochote, akauliza "umenunua redio nyingine?"

#24 SebuleFuti12

Wakuu, nina habari.

Jana mtoto alipolala nikafanya kipimo cha betri cha MamaKinubi. Spika ya kushoto: tap, koni imetoka nje, nimeiona kwa tochi. Ya kulia: tap, imeingia NDANI. Nikarudia mara tano. Nikafungua skrubu nane nikaitoa wufa. Waya mwekundu umepigwa lehemu kwenye mguu usio na alama, mweusi kwenye mguu wenye kitone chekundu. Lehemu yenyewe bado inang'aa, ni ya juzi. Nikayeyusha nikageuza.

Kabla ya kuwasha nikakumbuka maneno ya Luthuli, nikasukuma kochi ukutani na spika nikazirudisha mpaka sentimeta 35. Nikabonyeza LOUDNESS.

Mbaraka amekuja katikati. Namuona kabisa, amesimama pale ilipo TV. Na besi imerudi. Siyo ile ya kugonga mlango. Hii ina noti, inapanda na kushuka, nilikuwa nadhani mpiga besi anarudia noti moja wimbo mzima kumbe anazunguka kote. Nimekaa mpaka saa nane usiku narudia nyimbo ninazozijua tangu utoto. Ahsanteni sana.

#25 MamaKinubi

Alhamdulillah. Baba angefurahi.

#26 FundiBoksi

Hongera mkuu, lakini umetuharibia. Umegeuza waya, umehamisha kochi, umehamisha spika na umebonyeza kitufe, vyote usiku mmoja. Sasa ni kipi kimeleta besi?

#27 LuthuliKilaJumamosi

Chumba.

#28 MamaKinubi

Mwimbaji kusimama katikati ni waya, hilo hakuna chumba kinachoweza kulileta. Na besi ni hivyohivyo. Luthuli, spika mbili zinazopingana ungeziweka hata msikitini zingefutana.

#29 LuthuliKilaJumamosi

La mwimbaji nakupa. Besi siachi. Kiamplifaya cha volti 12 alikuwa akikitumia na wufa hiyohiyo iliyofungwa kinyume, na hakulalamika. Amelalamika mwezi huu. Ulizeni: kochi lilihamia katikati lini?

#30 SebuleFuti12

Mwezi huu, nilipoleta amplifaya. Kabla ya hapo lilikuwa ukutani.

#31 LuthuliKilaJumamosi

Nimemaliza.

#32 MamaKinubi

Hujamaliza. Pengine kile kidogo alikuwa amefunga waya kinyume upande mmoja bila kujua, ikawa kosa limefuta kosa. Mwanzisha uzi, unakumbuka ulivyofunga?

#33 SebuleFuti12

Sikumbuki dada. Tundu zake zote zilikuwa nyeusi.

#34 ShabaTupu

Nimejaribu kisu kwenye waya wangu. Ndani ni mweupe. Nimesikitika sana, nilikuwa nimeuwekea akiba.

#35 WatiElfuKumi

Pole ShabaTupu. Mimi na wewe tukae meza moja.

Mkuu mwenye uzi, ile laki nne sasa?

#36 SebuleFuti12

Mke wangu anasema kochi ukutani linaziba kabati, kwa hiyo mjadala wa chumba bado uko hai hata hapa nyumbani. Nafikiria zulia nene na mapazia mazito, maana nikipiga makofi chumba kinanijibu.

#37 MamaKinubi

Zulia na pazia vitatuliza mlio wa juu, besi havitaigusa. Kwa kazi hiyo mimi natumia sufi. Nilishona mito mirefu ya kitenge, unene wa sentimeta 15, nikaijaza sufi nikaitundika kwenye fremu za mbao nyuma ya kochi. Chumba changu kinapokea wageni na sauti bila mwangwi, na anayeingia anadhani ni mapambo. Nazi za besi ya chini kabisa bado zitakuhitaji usogeze vitu.

#38 MamaKinubi

"Noti" za besi. Simu imeniandikia nazi, Tanga hii.

#39 MuscatMashariki

Nazi za besi, tumezipokea. Kapasita bado nasubiri mtu azipime.

#40 FundiBoksi

Mkuu, hela weka kabatini mwezi mmoja. Kesho rudisha kochi katikati, spika ziache zilipo, kitufe zima. Sikiliza siku mbili. Halafu rudisha kochi ukutani. Kitu kimoja kimoja, na andika kwenye karatasi.

#41 SebuleFuti12

Nitafanya Jumamosi. Nimeshapaka chaki kwenye marumaru miguu ya spika ilipo ili nisipoteze vipimo. Mtoto anairuka chaki akidhani ni mchezo nimemchorea.

#42 MaskioMawili

Na mimi nimefanya kipimo cha betri usiku huu. Zangu zote mbili zimetoka nje. Kochi liko ukutani. LOUDNESS imebonyezwa. Besi hamna.

Chumba ni futi 10 kwa 14. Luthuli, upo?